Mchakamchaka wa Mtaa wa Uhuru

Jumapili alfajiri, kabla mikokoteni haijaziba Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni ya watu wa miguu. Vikundi vya jogging hupita Mtaa wa Uhuru kwa jezi za rangi moja, filimbi mbele, wimbo katikati. Mkiani ndiko waliko watoto na wazazi wao. Huko hutakosa baba aliyefunga bandeji gotini, au mama aliyeteguka enka mwezi uliopita na sasa anajaribu tena, mkono mmoja ukiwa umeshikwa na binti yake.

Njia yenyewe ina historia. Wakoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza, waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, uwe mpaka wa kutenganisha watu. Baadaye uwanja huohuo ukawa wa mikutano ya siasa na sherehe, ukingoni mwa mtaa ambako chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954, ule unaoitwa Lumumba leo. Anayeuvuka uwanja huo kwa mbio asubuhi na mwanawe anakanyaga mpaka ambao babu yake alikusudiwa asiuzoee.

Ukimbiaji huu wa kuimba haukuletwa na vikundi vya jogging. Ni mchakamchaka, uleule wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, na wa viwanja vya shule za msingi nchi nzima. Vizazi kadhaa viliamshwa nao. Wakati wa vita vya Kagera na miaka iliyofuata, watoto walikimbia wakimwimba Idi Amin kwa maneno makali ambayo watu wazima wengi hawajayasahau. Mwimbishaji hutoa, kundi huitikia, na miguu hufuata pigo la wimbo. Hapo ndipo penye siri ya mchezo wenyewe: mtu hawezi kuitikia akiwa anahema kupita kiasi, kwa hiyo mwendo lazima uwe wa wastani, na mstari lazima ubaki mmoja. Mtoto wa miaka saba anaumudu. Mwenye goti linalouma, akishapona vya kutosha kuruhusiwa kukimbia, naye huenda akaumudu.

Watanzania wana hadithi nyingine ya mkimbiaji aliyeumia, na ndiyo inayosimuliwa zaidi. Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikuwa kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, misuli ikiwa imeshaanza kumbana. Karibu na kilometa ya 19 wakimbiaji waligongana. Akaanguka, goti likateguka, bega likaumia. Alifungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani giza likiwa limetanda na watazamaji wengi wameshaondoka. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akawa wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Heshima yake haina mjadala. Lakini mzazi wa mtaa wa Gerezani mwenye enka iliyovimba hakutumwa na taifa. Jumatatu anatakiwa asimame dukani kutwa. Huyo anafaidi zaidi somo la mchakamchaka: kupunguza mwendo, kutembea inapobidi, kukatisha pale maumivu yanapozidi.

Somo kama hilo lipo hata London. Huko, Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt, mkimbiaji aliyekuwa majeruhi, aliwakusanya watu 13 katika Bushy Park wakimbie kilometa 5 bila kiingilio. Ndivyo mbio za parkrun zilivyoanza, na mpaka leo huweka mtu maalumu wa kutembea nyuma ya wote ili asiwepo anayeachwa.

Dar es Salaam nayo imeongeza mbio fupi za namna yake. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Tangu 2020 mbio za hisani za benki ya CRDB zimechangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika taasisi ya moyo ya JKCI, pale Muhimbili, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Familia hujiandikisha kilometa 5, hulipia namba na jezi, na askari wa usalama barabarani husimamisha magari.

Vikundi vya mtaani havina ulinzi wa namna hiyo. Saa moja asubuhi ikishapita, daladala zinajaa, bodaboda zinatafuta upenyo, na mstari unabanwa pembeni mwa lami. Kiongozi mwenye filimbi yuko mbele, anaonekana na kusikika. Mtoto na mzazi wake anayechechemea wako mwisho kabisa, migongo yao ikielekea magari. Saa moja tu ya kufunga Mtaa wa Uhuru kila Jumapili, kutoka Mnazi Mmoja hadi Msimbazi, ingewatosha.