Kutoka NUTA Jazz hadi Msondo Ngoma: Suala la Umiliki katika Historia ya Bendi

Katika vijiji vya Usukuma, vikiwemo vya kata ya Dutwa wilayani Bariadi, mshindi wa ngoma hatangazwi na mwenye uwanja. Vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja baada ya mavuno, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi upande wake. Kipimo hicho kinafaa pia kuipimia historia ya bendi kongwe ya muziki wa dansi nchini, ambayo imezoeleka kugawanywa kwa majina ya wamiliki wake: NUTA, JUWATA na OTTU. Mgawanyo huo ni rahisi, lakini unaeleza historia ya vyama vya wafanyakazi zaidi kuliko historia ya muziki.

NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, mwaka uleule ambao serikali, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, ilivunja shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi na kuanzisha chama kimoja kilichofungamana na TANU. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Kwa wanamuziki, mabadiliko hayo yalikuwa na maana ya moja kwa moja. Bendi za awali, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, zilikuwa vyama vya burudani vya watu wenye kazi nyingine mchana. NUTA iliwafanya wapigaji kuwa waajiriwa wenye mshahara. Vyombo vikawa mali ya chama, na jina vilevile. Mpigaji alibaki na kipaji chake tu, na hicho ndicho kilichokuja kuamua mambo.

Mwaka 1978, chama kilipokuwa kimekwisha kuitwa JUWATA, waimbaji Muhidin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa walioingia katika bendi mpya ya Mlimani Park. Mwajiri mpya naye alikuwa shirika la umma, la usafiri na teksi. Kwa hiyo tukio hilo haliwezi kuelezwa kama wanamuziki kuikimbia dola. Walihama kutoka mkono mmoja wa dola kwenda mwingine, kwa mwajiri aliyewahitaji zaidi. Shirika hilo liliposhindwa kuendelea, bendi ilihamishiwa DDC mwaka 1983. Kufikia hapo mashabiki walikuwa na majina yao wenyewe: Msondo kwa JUWATA, Sikinde kwa Mlimani, yote mawili yakiwa majina ya ngoma za asili. Inafaa kuzingatiwa kwamba hakuna hata moja lililotokana na mwajiri.

Msondo haikufa kwa kuondokewa. Iliajiri sauti nyingine, mashuhuri zaidi ikiwa ya TX Moshi William, na ikaendelea kurekodi Radio Tanzania, ambayo ndiyo iliyoifikisha kwa wasikilizaji wa mikoani. Gurumo mwenyewe alivutwa tena mwaka 1985, safari hii na mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, kabla ya kurejea alikoanzia.

Mwaka 1991 JUWATA ilipisha OTTU, na bendi ikabadilishiwa jina kwa mara nyingine bila mashabiki kubadilisha lao. Mageuzi ya vyama vya wafanyakazi yaliyofuata ndiyo yaliyoondoa jina la mwajiri kabisa, na bendi ikajitambulisha rasmi kama Msondo Ngoma. TX Moshi William alifariki mwaka 2006. Gurumo alistaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014, akiwa ameimbia pande zote mbili za ushindani wa Msondo na Sikinde.