Uzi kwa kila foleni: mtandao ndani ya kerneli ya Linux

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, kinachogawa prosesa, kumbukumbu na mtandao kwa programu zote. Ya Linux ndiyo iliyomo kwenye simu za Android na ruta nyingi za majumbani, kwa hivyo habari hii si ya wenye seva kubwa peke yao.

Pakiti ikifika, kadi ya mtandao hupiga hodi, na prosesa huacha inachofanya ikaitikia. Pakiti zikiwa maelfu kwa maelfu kila sekunde, mwenyeji atashinda mlangoni na chungu kiungue jikoni. NAPI ilikuja kwa ajili hiyo: hodi ya kwanza ikishapigwa, kengele huzimwa, na kerneli yenyewe huenda kuchota pakiti kwa mafungu, kwa kawaida zisizozidi 64 kwa zamu. Zikiisha, kengele huwashwa tena.

Lakini nani achote? Kwa miaka mingi kazi hii imefanywa na softairiki, ambayo haina mwenyewe. Hupanda mgongoni mwa programu yoyote iliyokutwa ikiendeshwa, ikala muda wake. Ikizidiwa, huachiwa uzi wa ksoftirqd, mmoja kwa kila prosesa, unaobeba na kazi nyingine zisizohusu mtandao. Fundi akifungua top huona ksoftirqd/0 imefika asilimia 100, basi. Kadi ipi? Foleni ipi? Hapati jibu.

Toleo la 5.12, la Aprili 2021, lilirahisisha mambo: kila NAPI yaweza kupewa uzi wake. Huandikwa 1 ndani ya /sys/class/net/eth0/threaded, na nyuzi zenye majina yanayoanza na napi/eth0 hutokea kwenye orodha ya kazi. Mpangaji wa kazi huweza kuzihamishia prosesa iliyo tupu, na fundi huzifunga mahali atakapo kwa taskset.

Si bure. Kuamsha uzi kuna gharama, na ndiyo sababu kwa kawaida huja umezimwa. Penye prosesa moja sioni faida. Ruta ya prosesa nne inayohudumia mtaa, mzigo wote ukiwa kwa moja, ningeiwashia leo, nipime kabla na baada. Ila kadi yenye foleni moja itabaki na uzi mmoja, na mashine ikizimwa mpangilio hupotea. Uandikwe kwenye skripti ya kuwashia.