Roboti Apendapo: Sarufi ya Filamu Moja kutoka India

Neno "roboti" lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha mchezo uitwao R.U.R. mwaka 1920, ukachezwa mjini Prague mwaka 1921, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba neno hilo alipewa na nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji. Walilitoa katika neno la kwao robota, yaani kazi ya shokoa, ile ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana mwenye ardhi. Basi tangu asili yake roboti si chombo cha ajabu tu. Ni mtumwa aliyetengenezwa, afanyaye kazi pasipo kudai chochote, kwa kuwa yadhaniwa hana moyo wa kudai.

Sisi tufundishao Kiswahili huku Gishubi, Gitega na Muyinga hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa jambo hilo. Katika zama za utawala wa Kibelgiji, uliodumu hadi Uhuru wa mwaka 1962, Warundi wengi waliikimbia kodi, shokoa na kiboko, wakaenda kutafuta kazi Uganda na Tanganyika. Huko Tanganyika walikata mkonge pamoja na wenzao wa makabila mengine, na wote wakaitwa "manamba", kwa sababu katika daftari la mwajiri kila mmoja alikuwa namba. Siku zake zilihesabiwa katika kipande, na jina alilopewa na wazazi halikuwa na kazi kubwa shambani. Wazee wa huku hata leo husema mtu fulani alikwenda Manamba, kana kwamba ni jina la nchi.

Lakini tazama lugha ilivyofanya. Neno "manamba" lina umbo la vitu, kama mawe na majembe, hata hivyo Mswahili hasemi "manamba yalikata mkonge". Husema "manamba walikata mkonge". Mwajiri aliwageuza watu kuwa tarakimu. Sarufi ikawarudishia utu wao kwa kiambishi kimoja cha wa-.

Jambo hilo la kiambishi ndilo lililotufanya tuitazame kwa makini filamu ya Kitamil iitwayo Enthiran, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010 na mwongozaji Shankar, ambayo kwa Kihindi iliitwa Robot. Mchezaji wake mkuu ni Rajinikanth, yule aliyekuwa konda wa basi mjini Bangalore kabla ya kuwa nyota, na humo amechukua nafasi mbili: ya mwanasayansi Vaseegaran na ya roboti Chitti aliyetengenezwa kwa sura yake. Dhamiri ya mwanasayansi ni kulipa jeshi askari asiyechoka. Chitti yajua kila kitabu, yasema lugha nyingi, yapigana na kundi zima peke yake. (Msomaji ameona kwamba tumetumia ya-. Tutarudi hapo.) Siku moja moto wawaka katika jengo la ghorofa, nayo yaingia ndani na kuokoa watu. Yamtoa pia msichana aliyekuwa akioga, yamleta uchi mbele ya kadamnasi na kamera za televisheni, na msichana kwa fedheha akimbilia barabarani, agongwa na gari, afa.

Hapo ndipo penye shina la hadithi, na kwa maoni yetu ndipo penye ubora wake kuliko vita na vishindo vya mwisho. Mashine haikukosea hesabu. Iliambiwa iokoe watu, ikaokoa. Ilichokosa ni haya, nasi Waswahili tumezoea kumwambia mtu asiye na haya kwamba hana utu. Baada ya msiba huo Vaseegaran aazimia kuipa hisia za kibinadamu, naye afaulu. Lakini hisia haziji moja moja kama bidhaa dukani. Pamoja na haya na huruma huja mapenzi, na Chitti ampenda Sana, mchumba wa Vaseegaran, ambaye sehemu yake yachezwa na Aishwarya Rai. Aletwapo mbele ya maofisa wa jeshi ili apimwe, badala ya kuzungumza habari za silaha azungumza habari za mapenzi. Bwana wake kwa hasira amkatakata kwa shoka, na mabaki yatupwa jalalani.

Sasa mwalimu ajiulize: katika kusimulia hayo kwa Kiswahili, ni wapi tuliacha kusema "yaingia" tukaanza kusema "ampenda"? Neno "roboti" kwa umbo lake laingia kwa urahisi katika ngeli ya I-ZI, pamoja na mashine na redio. Lakini Kiswahili sanifu kina kanuni inayolishinda umbo: kiumbe mwenye uhai hupatanishwa kwa a- na wa-, awe kijana, kipofu, kiboko au ng'ombe. Kanuni hiyo ni ngumu kwa mwanafunzi wa huku, maana Kirundi hufuata umbo. Mrundi husema inka irarisha, na kiambishi i- hakimsumbui hata kidogo, ijapokuwa ng'ombe ni hai na ni mali ya heshima kuu. Kwa hiyo mtoto huandika "ng'ombe inakula", nasi hupiga mstari mwekundu. Msimulizi wa Enthiran hana mwalimu wa kumpigia mstari, lakini hana budi kuamua, na uamuzi wake ndio kiini cha filamu nzima.

Kitamil chenyewe chaujua mzigo huo. Tolkappiyam, kitabu cha sarufi kilicho kikongwe kuliko vyote vilivyosalia vya lugha hiyo, chagawa majina mafungu mawili: fungu la juu, ambalo ni la watu na miungu, na fungu lisilo la juu, ambalo ni la wanyama na vitu. Mwanamume akija husemwa vandaan. Mbwa au gari likija, vandadu. Tofauti na sisi, Watamil humweka ng'ombe pamoja na gari. Mashine kwao ni endhiram, neno la fungu la chini. Shankar akalipa mwisho wa -an, ulio wa wanaume. Jina la filamu, basi, kabla picha haijaanza, limekwisha kumpandisha Chitti daraja.

Watu wa Afrika Mashariki wamezitazama filamu za India kwa miaka mingi bila kujua lugha zake. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja na pwani nzima, na aliyeelewa alimweleza jirani yake palepale gizani. Baadaye, zama za video, kazi hiyo ikawa ufundi wa watu maalumu. Dar es Salaam alisifika Lufufu, ambaye sauti yake ilitandazwa juu ya filamu za kigeni, na Uganda wapo wafanyao vivyo hivyo kwa Kiganda. Wasomi wa tafsiri aghalabu huwabeza kwa kuongeza chumvi. Sisi twaona kwamba wamekuwa wakifanya kazi ya sarufi kila jioni bila kulipwa kwa kazi hiyo, kwa sababu msimulizi hawezi kusema sentensi moja ya Kiswahili kabla hajaamua ni nani au ni nini atendaye.

Turudi kwa Chitti. Mabaki yake yaokotwa na Bohra, mwanasayansi mwenye kijicho, naye atia ndani kipande chekundu cha kuharibu tabia. Chitti ainukapo tena amuua Bohra mwenyewe, ajizidisha kwa mamia, amteka Sana. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo Kitamil hakina: ngeli ya zimwi. Zimwi husema, hula, hukumbuka, hata hivyo methali yetu yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, kwa li-, kama jitu na dude. Uhai linao, na akili pia. Lililonyimwa ni ushirika wa watu. Msimulizi hodari angesema hapo "roboti likacheka", na watazamaji wangeelewa bila maelezo kwamba lililosimama mbele yao si ile mashine ya mwanzo wala yule mpenzi wa katikati.

Vaseegaran afanikiwapo kukiondoa kile kipande chekundu, Chitti arudia upole wake. Mahakama yaamuru avunjwe, naye ajivunja mwenyewe kiungo kwa kiungo huku akiagana na kila mtu. Walimu twaweza kubishana muda mrefu juu ya tukio hili, kwa kuwa hata maiti wa kibinadamu ana viambishi viwili: wapo wasemao "maiti imeoshwa" na wapo wasemao "maiti ameoshwa", wote Waswahili wa kuzaliwa.

Mwisho wa filamu watupeleka mwaka 2030, katika makumbusho, ambako vipande vya Chitti vimewekwa vitazamwe na wanafunzi. Msichana mmoja auliza kwa nini alivunjwa, na sauti yatoka katika vipande hivyo kumjibu kwamba sababu ni kule kuanza kufikiri. Msimulizi wa Kiswahili apata nafuu hapo, maana asemaye hujisemea, na kiambishi cha nafsi ya kwanza ni ni- kwa kila asemaye.