Kristin Persson: Mwanamuke anayechunguza batri kwa hesabu za ordinatere

Simu, taa ya jua, motokari ya umeme: vyote vinategemea batri. Na ndani ya batri nyingi kuko kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Congo, ku Lualaba na Haut-Katanga. Ndiyo sababu kazi ya mwanasayansi huyu, hata kama anaishi mbali ku California, inagusa mifuko ya watu wa hapa.

Ni nani?

Persson alizaliwa ku inchi ya Sweden. Alisoma universite ya Lund, kisha akapata dokta ya fizikia mwaka wa 2001 ku Stockholm. Alivuka kwenda Marekani, akatumika na profesa Gerbrand Ceder, fundi mukubwa wa batri. Tangu 2008 yuko ku labo ya Lawrence Berkeley, na anafundisha pia ku Universite ya California, Berkeley.

Anafanya nini?

Kwa kawaida, kutafuta kitu kipya cha kutengeneza batri ni kuchanganya, kuchoma, kupima, kukosa, na kuanza tena. Inaweza kukula miaka mingi. Persson anaanzia ku hesabu. Ordinatere kubwa zinafuata sheria za fizikia, ginsi atomu zinashikana, na kujibu mbele: kitu hiki kitadumu? Kitapitisha umeme? Ni kama mama anayepepeta muchele na kutosha mawe mbele ya kuweka chungu ku moto. Vile vinavyobaki tu ndivyo vinapelekwa ku labo.

Mwaka wa 2011 alianzisha na wenzake Materials Project, gala ya hesabu hizo ku intaneti. Leo iko na vitu zaidi ya 150,000, na kuifungua ni bure. Mwanafunzi wa Bukavu ao Bunia akiwa na intaneti anaona yale yale anayoona profesa wa Berkeley. Lakini hesabu si batri: lazima mutu atengeneze kile kitu na kukipima.

Inagusa Congo namna gani?

Kobalti ni ya bei kali, na bei yake inapanda na kushuka ovyo. Kwa hiyo wanasayansi wengi wanatafuta batri zisizo nayo. Tayari ziko: batri za chuma na fosfati zinaendesha motokari nyingi, zaidi ku China. Hizo bado zinahitaji lithiamu, na Manono, ku Tanganyika, kuko nyingi chini ya udongo. Lakini kuko pia batri za sodiamu, zinazotoka ku chumvi, ambazo haziombi hata lithiamu.

Muchimbaji wa Kolwezi anasikia habari siku ile bei inaanguka ku depo. Wale wanaohesabu ku ordinatere wanaanza kutafuta batri zingine miaka mbele. Kwa vijana wanaosoma fizikia, kemia na informatike ku Congo, mulango huo uko wazi.