Hamu, mwana wa Nuhu: jina lililobadilishwa rangi mara mbili

Sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo inasimulia aibu ya nyumba moja. Gharika imekwisha, Nuhu anapanda mizabibu, anakunywa divai, analewa na kulala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu anamwona, kisha anatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanaingia kinyumenyume na kumfunika baba yao. Nuhu anapozinduka anatamka laana, na laana hiyo haimwangukii Hamu. Inamwangukia Kanaani, mtoto wa Hamu, kwamba atakuwa mtumwa wa ndugu zake.

Hapo hakuna neno lolote kuhusu rangi ya ngozi, wala Afrika haitajwi. Anayelaani ni Nuhu, si Mungu. Msomaji yeyote mwenye Biblia mkononi anaweza kuhakikisha hayo kwa dakika tano, na hilo ndilo linaloifanya historia ya mistari hii kuwa nzito: waliopotosha maana yake kwa karne nyingi walikuwa watu wa kusoma, waliojua Kiebrania, Kigiriki na Kilatini.

Kwa Waisraeli wa kale kisa hiki kiliwahusu majirani waliogombana nao ardhi, Wakanaani. Kushi, mwana mwingine wa Hamu, ambaye jina lake lilihusishwa na nchi ya watu weusi kusini mwa Misri, hakuguswa na laana. Maandiko hayo hayo yanamsifu Ebedmeleki Mkushi aliyemtoa nabii Yeremia shimoni, na yanasimulia jinsi Filipo alivyombatiza towashi kutoka Kushi bila kumhoji ukoo wake.

Tafsiri iliyounganisha Hamu, weusi na utumwa ilijengeka polepole miongoni mwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na ilishika kasi kadiri masoko yalivyozidi kujaa watumwa kutoka Afrika. Karibu mwaka 1453 mwandishi wa habari za wafalme wa Ureno, Gomes Eanes de Zurara, aliyeandika kuhusu Waafrika walioshushwa bandarini Lagos, huko huko Ureno, aliutaja utumwa wao kuwa ni tunda la laana ya Nuhu. Alifika hata kumchanganya Hamu na Kaini, mtu aliyeishi kabla ya gharika.

Walikuwepo waliokataa, na heshima yao haijatolewa ipasavyo. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis, aliandika katika karne ya 14 kwamba Taurati haisemi Nuhu alimgeuza mtu yeyote kuwa mweusi, na kwamba rangi inatokana na jua na hali ya hewa. Mwaka 1615 Ahmad Baba wa Timbuktu, alipoulizwa na watu wa Tuat kuhusu utumwa, alijibu kwamba kuwa mzao wa Hamu si sababu ya kumtia mtu utumwani. Huyo alikuwa mwanachuoni wa Kiafrika, aliyewahi yeye mwenyewe kuchukuliwa mateka hadi Morocco.

Upande wa pili wa Atlantiki sauti kama hizo hazikusikilizwa. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani laana ya Nuhu ikawa hoja ya mimbarini na ya bungeni. Tarehe 21 Machi 1861, mjini Savannah, Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo yaliyojitenga, aliutetea utumwa hadharani akiitaja laana hiyo. Naye Alexander Crummell, kasisi Mwafrika-Mmarekani aliyesoma Cambridge na kufanya kazi Liberia kwa miaka mingi, alikwisha andika hoja ndefu ya kupinga: aliyelaaniwa ni Kanaani, na Waafrika hawatokani na Kanaani.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa utulivu. Turudi nyuma kidogo: mwaka 1798 Napoleon aliingia Misri akiwa na kundi la wataalamu. Walipoyatazama mahekalu na piramidi, Ulaya ilijikuta mbele ya swali gumu. Misri naye ni mwana wa Hamu. Ikiwa uzao wa Hamu ni weusi waliolaaniwa wawe watumwa, nani basi aliyejenga vitu hivi? Badala ya kukubali kwamba ustaarabu huo ulikuwa wa Kiafrika, wasomi wengi waliisoma upya sura ya 9 na ghafla wakaliona lililokuwepo siku zote: laana ilikuwa ya Kanaani peke yake. Basi wana wengine wa Hamu walisalimika, na waliosalimika wakahesabiwa kuwa weupe. Mstari ulisomwa sawasawa siku ile tu uliposaidia kumnyang'anya Mwafrika historia yake.

Msafiri Mwingereza John Hanning Speke ndiye aliyeifikisha tafsiri hiyo kwetu. Aliondoka Unguja mwaka 1860, akapita Tabora hadi Karagwe, Buganda na Bunyoro. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Hamu yumo kwa sura mbili. Mwanzoni Waafrika wote ni wana wa Hamu aliyelaaniwa. Mbele kidogo, alipokutana na watawala wa Karagwe waliomvutia kwa adabu na maumbile, hawezi tena kuwahesabu kuwa Waafrika wa kawaida. Anawaita wavamizi kutoka Uhabeshi, watu wa damu bora zaidi. Huko Bunyoro alimfungulia mfalme Kamrasi Biblia ili amweleze asili ya ukoo wake. Speke mwenyewe aliiita nadharia yake. Waliomfuata waliifanya elimu.

Mwaka 1930 Charles Seligman wa London alichapisha kitabu kilichodai kwamba karibu kila jambo la maana barani lililetwa na Wahamiti, yaani hao wazao wa Hamu waliohesabiwa kuwa weupe. Wamasai na Wakalenjin waliitwa Wanailo-Hamiti, na wanafunzi wa Kenya na Tanganyika walikariri jina hilo darasani kana kwamba ni jina la mto au mlima.

Rwanda ndiko jina hilo lilikoua. Mwaka 1933 padri Albert Pagès wa shirika la White Fathers alitoa kitabu kuhusu ufalme wa nchi hiyo akiuita wa Kihamiti tangu kwenye jalada. Miaka hiyohiyo watawala Wabelgiji walihesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na shule za misheni zikafundisha kwamba Watutsi ni wageni waliozaliwa kutawala. Wahutu waliofundishwa hivyo walibaki na nusu ya somo: wageni. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, miili iliteremka na maji hayo hadi mto Kagera na ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda na Tanzania wakaiopoa. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mugesera kifungo cha maisha.

Wakati wa mauaji hayo nadharia yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjwa kitaalamu. Mwanaisimu Joseph Greenberg aliiondoa katika elimu ya lugha za Afrika, kazi aliyoikamilisha mwaka 1963. Edith Sanders alieleza historia yake yote, kutoka kwa Nuhu hadi kwa Seligman, katika makala ya mwaka 1969. Ilikuwa miaka 25 kabla ya mauaji. Lakini makala hiyo ilitoka katika jarida la wasomi, kwa Kiingereza, ilhali uongo ulikuwa umefundishwa na walimu wa shule za misheni na kutangazwa na wanasiasa, kwa lugha ambayo kila mkulima wa Kabaya aliielewa.