Mitetemo ya bahari katika seismomita za nyumbani

Mitetemo ya bahari ni mtikisiko mdogo usiokoma wa ardhi unaosababishwa na mawimbi ya baharini. Hunaswa na seismomita hata katikati ya mabara, na mara nyingi ndiyo huficha matetemeko madogo au ya mbali katika rekodi za mpimaji wa nyumbani. Padri Mwitalia Timoteo Bertelli aliichunguza kwa pendula katika miaka ya 1870.

Asili

Iko ya aina mbili. Ya kwanza hutokea mawimbi yanapofika penye maji haba na kukandamiza sakafu ya bahari. Kipindi chake ni kilekile cha mawimbi hayo, kati ya sekunde 10 na 20. Ya pili, ambayo huwa na nguvu zaidi, hutokea mawimbi yenye vipindi vinavyolingana yanapokutana yakitoka pande zinazokabiliana. Hapo msukumo hufika hadi kilindini, na kipindi huwa nusu: mawimbi ya sekunde 14 huzaa mtetemo wa sekunde 7. Michael Longuet-Higgins aliieleza kanuni hiyo mwaka 1950.

Namna ya kuitambua

Kwenye skrini mstari hupanda na kushuka kwa mpangilio, ukinenepa na kukonda kwa mafungu. Ukihesabu vilele 8 hadi 12 kwa dakika, kipindi ni kati ya sekunde 5 na 7.5, nayo ni dalili kubwa ya aina ya pili. Tetemeko huanza kwa wimbi la P, likafuatwa na la S, kisha hufifia. Mitetemo ya bahari haina mwanzo wa ghafla na hudumu hata siku kadhaa. Magari na mashine hutikisa ardhi mara nyingi kwa sekunde, na hupungua usiku. Mabadiliko ya joto huuhamisha mstari polepole bila mapigo.

Uthibitisho bora ni kulinganisha. Vituo jirani vikivuma pamoja, na ramani ya hali ya hewa ikaonyesha dhoruba baharini, chombo ni kizima. Katika kizio cha kusini, mitetemo hii huzidi majira ya baridi, katikati ya mwaka.

Vyombo na uchujaji

Pendula ya mlalo aina ya Lehman huionyesha waziwazi. Geofoni ya hezi 4.5 huinasa kwa udhaifu, kwa kuwa usikivu wake hushuka chini ya marudio hayo. Anayetafuta matetemeko ya karibu hubakisha marudio ya juu ya hezi 1. Anayefuatilia mawimbi ya uso ya matetemeko ya mbali hubakisha vipindi vinavyozidi sekunde 20.

Rekodi ghafi isifutwe baada ya kuchujwa. Tangu mwaka 2005 wanasayansi wameitumia mitetemo hii kuchora picha za tabaka za ardhi bila kungoja tetemeko, na kwa mpimaji wa nyumbani ni kipimo cha bure cha uzima wa chombo chake.