Mgawanyo wa Madaraka: Kugawa au Kutenga?

Neno “mgawanyo” humfanya msikilizaji afikirie mirathi: kila mrithi achukue fungu lake aondoke. Wazo alilolieleza Montesquieu mwaka 1748 ni zito kuliko hilo. Alitaka anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu kwa sheria hiyo wasiwe mtu mmoja wala kundi moja, kwa sababu wakiwa wamoja raia hana pa kukimbilia.

Pwani na bara ya Tanganyika ililijua jambo hili kabla ya istilahi kufika. Chini ya Wajerumani, akida alikusanya kodi na pia aliamua mashauri ya watu. Aliyeonewa kwenye kodi alimshitaki nani, na kwa nani? Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Uingereza nayo iliwaachia maofisa wake wa wilaya kazi ya uhakimu pamoja na utawala.

Ndiyo maana nadhani “utenganisho wa madaraka” ungeeleza vizuri zaidi. Kitenzi “tenga” kina nia ndani yake. Mtu hutenga kitu ili kisichanganyike na kingine. Tena “mgawanyo” huchanganywa kwa urahisi na ugatuzi, yaani kuyashusha madaraka kutoka makao makuu hadi kaunti au wilaya, ambalo ni suala jingine kabisa. Hata hivyo, utengano kamili haupo popote. Bunge huidhinisha bajeti ya Serikali, na Rais huteua majaji. Katiba ya Tanzania, ibara ya 55, inataka mawaziri watokane na wabunge. Ile ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 152, inakataza waziri kuwa mbunge.

Kinachopima utenganisho, kwa maoni yangu, ni usalama wa kiti cha jaji. Mwaka 1988 Kenya ilibadili katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa ajira. Mahakama zilibaki na majengo yake, majoho yake na jina lake, lakini jaji aliyeketi humo aliweza kuondolewa na Rais. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990. Septemba 1, 2017, chini ya katiba mpya, majaji wanne wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba.